Siku Niliyowapiga Wakwe Muhuri

Chekeni tu, aibu ile nimeshaizoea: ndiyo, ni mimi niliyempiga baba mkwe muhuri wa mdomo.

Miaka ile ya Wabelgiji nilikuwa karani Fizi, na kila nikitoka kwenye homa midomo yangu huota malengelenge, yanapasuka na kuwasha kama pilipili. Muganga wa dispansari alishawahi kunipaka dawa yake ya rangi ya buluu akasema, "Ikirudia, weka buluu tena." Basi ikarudia, tena asubuhi ileile ya kushuka Baraka kumposa Riziki, na dispansari imefungwa (Jumapili!), nikajiambia buluu ni buluu, nikafungua kisahani cha wino wa muhuri wa ofisi, nikajipaka.

Nikateremka kwa baiskeli, jua la utosi, jasho likaulowesha wino upya. Kwa kina Riziki wakaleta kibuyu cha pombe na mrija mmoja, maana kwao posa haijapokelewa mpaka mkwe na baba wanywe kwa mrija uleule, na kukataa ni tusi. Nikanywa. Baba mkwe akanywa, shangazi wa Riziki naye akanywa, kisha akapiga ukelele.

"Yoo! Baba Riziki, mudomo yako iko buluu!"

"Na yako je?" Baba mkwe akanigeukia. "Karani, umetutilia nini mu pombe?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaungama yote, wakamwita muganga wa jirani, akanitazama mdomo.

"Wino haiue mutu. Lakini hii kidonda inaambukiza. Inalala mu mwili, homa ao jua kali inaiamusha, na dawa ya kuimaliza hatuna. Usiitumbue, uvae kofia, na usichangie mrija na mutu mpaka ikauke."

Riziki alikuwa mlangoni, ameng'ata ncha ya kitenge, na mimi nikajua nimeshamkosa, niliumia kweli.

Ndipo baba mkwe akauliza polepole, "Na ile yangu ya kila mwaka, muganga?"

"Ile uliniambia samaki ya moto ilikuunguza?" akadakia mama mkwe.

Mzee akajifuta mdomo, wino ukazidi kusambaa. "Leteni mrija ya pili," akasema. "Huyu mutoto tunafanana."

Nikamwoa Riziki. Kwetu kila mtu ana mrija wake, kofia siiachi, na nimeapa kitu cha ofisini hakitagusa tena mdomo wangu. Ila nikipita Baraka bado wananiuliza, "Bwana Muhuri, leo unapiga nani?"