Mpira Ndani ya Ngoro Yangu

Mpangaji wa jirani yangu, yule mnunuzi wa kahawa, kila asubuhi hupiga vijipira vyeupe kwa fimbo ya chuma, halafu husimama akitazama viganja vyake. Anasema ni gofu. Gofu gani? Mimi najua anapima shamba langu. Juzi kijipira kikatumbukia kwenye ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mteremkoni, ndani ya shimo moja lililozungukwa na maharage yangu.

“Shikamoo, bibi. Mkono umenitoroka, sipigi tena kama zamani. Nikiharibu tena Jumamosi, timu ya gofu inaniacha.”

“Marahaba. Kitoe kwa hiyohiyo fimbo, na ukikanyaga maharage utanijua.”

Akajikunja shimoni, akapiga taratibu, kikaruka juu ya migomba. “Umerudi, bibi! Mkono umerudi!” Akalia, mtu mzima na ndevu zake. Sasa kila asubuhi anaomba shimo la kufanyia mazoezi. Nimempa moja, la pembeni kabisa, na kigoda changu nimekiweka hapohapo, nimtazame akipiga.