Kumfuata Sajenti Nyakitonto

Sababu ya safari yangu ni mbuzi. Asubuhi moja hapa Kibondo, baba mkwe wangu alimkuta mbuzi wa jirani amesimama mlangoni kwetu. Akamsalimu kwa heshima zote, akamuuliza habari za watoto, akamkaribisha ndani. Mbuzi naye hakujivunga, akaingia. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, kisha mimi nikakimbilia jikoni nikalia, maana nilijua sasa mzee haoni.

Ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho hutolewa. Redio ilikwisha kutangaza kuwa madaktari wa macho watakuja hospitali Alhamisi na Ijumaa, kisha waende zao, na kurudi kwao Mungu ndiye ajuaye. Lakini mzee alikataa katakata. Alisema wapelekwe wenye shida. Yeye alirudi kutoka vita vya Kagera na mikono yote na miguu yote, na wenzake wengine hawakurudi kabisa, sasa leo akapange foleni kuomba macho? Mume wangu ni dereva wa lori, mwanamume wa miraba minne, lakini mbele ya baba yake hunywea kama mtoto wa darasa la kwanza. Aliposikia habari ya hospitali, akapata safari ya ghafla ya Kahama.

Basi nikabaki mimi, mkamwana. Kwetu mkamwana hata jina la mkwewe halitamki, sembuse kumburuta hospitali! Na kumsaidia mzee huyu ni kazi. Vijana wa kwaya walikuja kumlimia maharage, akawapanga mstari, akayakagua majembe yao kwa kidole gumba, akasema hayajanolewa, akawarudisha makwao.

Jumatatu jioni nilimpelekea chai nikajaribu tena, kwa upole wote nilio nao, ambao si mwingi.

"Mama Neema," akaniambia, "askari haondoki lindoni bila amri."

"Amri ya nani, baba?"

"Ya Sajenti wangu, Gwimo. Naye yuko Kasulu, kama bado yu hai."

Akanywa chai yake akidhani amenimaliza. Nikasema nitaitafuta namba ya huyo Sajenti nimpigie. Akacheka. Amri ya simu haitambui, alisema, kwa sababu kule vitani adui aliingia kwenye redio zao akajifanya mkubwa wao. Sajenti aje mwenyewe, kwa miguu yake na sauti yake. Nikasema sawa, baba. Nikaenda kufunga chupa ya asali kwenye kitenge, zawadi ya huyo Sajenti.

Jumanne alfajiri nilikuwa stendi. Mgahawa wangu nilimwachia shoga yangu, nikamsihi asizidishe chumvi. Basi likaondoka ukungu ukiwa bado umelala mabondeni, na lami ikateleza chini yetu kilima hadi kilima, migomba huku, mihogo kule. Zamani kwa njia hii ulikuwa unafika Kasulu mwekundu kwa vumbi hata kope. Siku hizi unafika na gauni lako safi. Njia nzima nilikuwa nikijiuliza nitafanyaje nikiambiwa Sajenti alikwisha kufa.

Kasulu nilifika jua limepanda. Pale sokoni kila niliyemuuliza habari za sajenti mstaafu alinielekeza kwenye duka la vitenge la Mzee Shomari, mtu ambaye babu yake alitoka Bagamoyo na yeye mwenyewe huongea taratibu kana kwamba maneno yana gharama. Alinikalisha kwanza, akaagiza kahawa, ndipo akataka kujua shida yangu. Kumbe Sajenti Gwimo alilinda duka lake miaka na miaka. Sasa amepumzika kwake Nyakitonto, na kila mwezi Mzee Shomari humpelekea sukari na sabuni.

"Nikimpelekea kama sadaka, anairudisha," alisema. "Nikiiita posho, anaipokea na kuniuliza mbona imechelewa."

Nililicheka neno hilo, ila nililiweka akilini. Akaniitia bodaboda anayemwamini, akanifungia na kilo mbili za sukari nimfikishie mwenyewe posho yake.

Nyakitonto tuliingia mchana. Nyumba ya Sajenti iko mwisho wa njia ya mihogo, uwanja umefagiwa ukafagika. Yeye alikuwa ameketi kibarazani akichambua maharage, mzee mrefu, mgongo umenyooka kama mwiko. Nikapiga goti nikamwamkia kwa Kiha, nikamkabidhi asali na posho yake, nikajieleza. Aliponiuliza ni askari gani huyo mkaidi, nikakwama, maana ndiyo hivyo, jina silitamki. Nikasema ni yule aliyekuwa akiimba vibaya.

"Ntahondi!" Akacheka mpaka ungo ukamwagika. "Alituimbia njia nzima mpaka mpakani. Adui alikimbia sauti ile, hakukimbia bunduki."

Akasema kesho asubuhi tunaondoka, atamwamuru, na Ntahondi ataona cha mtema kuni. Nilifurahi nusura nimkumbatie. Lakini nilipoinama kuokota maharage, nikaona kwenye lile fungu safi alilokwisha kuchambua mna mawe tele. Na yeye, kila akiongea nami, alikuwa akilitazama sikio langu. Nikamgeukia mkewe, Bibi Adela. Bibi Adela akatikisa kichwa polepole, kisha akaangalia pembeni.

Ah! Mimi nina tabia moja, nikiona jambo ulimi unawasha. Nikasema, "Samahani, Afande. Utamwamuru mwenzako aende usikokwenda wewe?"

Bibi Adela aliniambia baadaye kwamba yeye amembembeleza mumewe tangu mavuno ya mwaka juzi, na alikuwa akijibiwa kuwa macho ni yake na giza ni lake. Sajenti alipapasa maharage kwenye ungo, akalipata jiwe moja, akalizungusha vidoleni.

"Vitani nilikuwa natangulia mimi," alisema mwishowe. "Adela, nitafutie viatu."

Jumatano tulirudi Kibondo, mimi na Sajenti, amevaa koti lililopigwa pasi kwa mkaa na medali moja kifuani. Kwenye basi kijana mmoja alimpisha kiti, akakataa, akasema yeye si mgonjwa. Konda alikuwa mjanja. Akamwambia, "Afande, tunakuomba ukae mbele umwangalizie dereva barabara." Hapo akakaa bila ubishi. Safari nzima akawa anamwonya dereva juu ya kona za ile barabara ya zamani, kona ambazo lami ilikwisha kuzinyoosha, na dereva, Mungu ambariki, akawa anajibu, "Nimeiona, Afande." Abiria walijifunika midomo kwa mitandio wasicheke kwa sauti.

Tulipofika kwangu, baba mkwe alikuwa ameketi nje, uso ameuelekeza juani. Sajenti aliniachia mkono tukiwa bado langoni. Akajinyoosha.

"Ntahondi! Mguu sawa!"

Sijawahi kumwona mzee wangu akiinuka hivyo. Gongo lilianguka huku, kofia kule. Akapiga saluti ya nguvu, ameuelekea mgomba. Naye Sajenti akaipokea kwa saluti, amekielekea choo. Wazee wawili, wamekakamaa, kila mmoja anaheshimu upande usio na mtu, na mimi nimesimama katikati, nacheka huku machozi yananitiririka mpaka shingoni.

"Kesho asubuhi, hospitali," Sajenti akatoa amri. "Mimi mbele, wewe nyuma."

Baba mkwe akaigeukia ile sauti. "Afande, na wewe huoni?"

"Hilo hujaulizwa."

"Ndiyo, Afande." Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu nimeolewa, nilimwona baba mkwe akilia. Walikumbatiana muda mrefu, kila mmoja akimpapasa mwenzake uso. Nami nikaenda kuwasongea ugali wa muhogo.

Alhamisi tulitembea kwa miguu, walikataa bajaji. Mimi mbele, Sajenti ameshika pindo la kitenge changu, baba mkwe ameshika bega la Sajenti, anaimba. Na kweli anaimba vibaya. Pale stendi madereva wa bodaboda walizima injini wakasimama, na wanawake wa dagaa wakapiga vigelegele. Hakuna aliyewasikitikia. Watu walisimama kwa heshima, na wale wazee waliisikia, maana hatua zao zilibadilika zikawa za kwata.

Walipasuliwa siku ileile, na Ijumaa daktari akawafungua bandeji, kila mmoja jicho moja. Baba mkwe akamtazama Sajenti kitambo kirefu.

"Afande, umezeeka hivi?"

"Wewe ndiye uliyekaa ukanichelewesha," Sajenti akajibu, akijifuta shavu.

Jumamosi nilimsindikiza Sajenti stendi, na baba mkwe akaja kumuaga. Kabla ya kupanda basi, mkubwa akatoa amri ya mwisho. Alisema kuanzia siku ile Mama Neema anakaimu nafasi yake hapa Kibondo, na atakaloamuru yeye limeamriwa na Sajenti. Akaenda zake na dumu la asali tulilomzawadia, kukaa mbele na dereva. Nasikia safari hii kona alizotaja zilikuwepo.

Nilikwenda Kasulu nikidhani nafuata mtu wa kunisaidia kumlazimisha mzee. Nimerudi najua kuwa wazee hawa hawakatai msaada. Wanakataa kuhurumiwa. Sukari ikiitwa posho itapokewa, kiti kikiitwa kazi kitakaliwa, na wala si kuwadanganya, kwa sababu posho ile waliifanyia kazi kabla sisi hatujazaliwa.

Juzi mvua ilinyesha, nikamkuta baba mkwe anataka kutoka kwenda kisimani na ndoo, utelezi ule. Nikamwambia aiweke chini, vijana wa kwaya watamletea maji. Akaniuliza hilo ni ombi au ni amri.

"Ni amri, baba."

Akaiweka ndoo chini. Akajinyoosha taratibu, akapiga saluti, na jicho lake lilikuwa likinitazama mimi usoni.