Samaki Aliyetua kwa Ndege

Mama Magamba amepaa samaki sokoni miaka ishirini na miwili. Jina hilo alipewa na wateja, maana magamba humganda mpaka kwenye nyusi. Meza yake ya saruji ndiyo iliyomsomesha binti yake baada ya mumewe kufariki. Sasa binti kaposwa, na mama wa mchumba, mwenye duka la mapazia, ana sharti moja: Mama Magamba aiache meza hiyo kabla ya harusi, ndugu wa mchumba wasije wakanusa samaki hata kwenye picha.

Ili walizungumze kistaarabu, mwenye mapazia akamwalika Mama Magamba na vijana wao kwenye mkahawa wa Kiasia wa mwanamuziki fulani. Wenzangu, mkahawa wenyewe sasa! Picha ya mwanamuziki imejaa ukuta mzima, kashika vijiti vya kulia kama mtu anayetaka kujichokonoa sikio. Mwenyewe haonekani, anapika kwa jina tu. Taa hafifu, hujui unakula nini, na nadhani ndiyo maana. Wali ukaja umefinyangwa vitonge vya kumlishia kifaranga, juu ya sahani pana kama ungo.

"Huku huingia watu wazito tu, mkwe," akasema mwenye mapazia.

"Naona. Watatoka wepesi."

Binti akamkanyaga mguu chini ya meza.

Mhudumu akaleta samaki mbichi, kakatwa vipande vyembamba hadi ua la sahani linaonekana kwa chini. Kichwa kimesimamishwa kwenye barafu kama kinahutubia.

"Ametua kwa ndege leo asubuhi," akasema. "Bosi huwachagua mwenyewe."

Mwenye mapazia akala cha kwanza, cha pili, cha tatu, macho kayafumba. "Unaona, mkwe? Samaki naye akifika mahali pa heshima huheshimika. Si pale kwenye nzi. Sasa, kuhusu ile meza yako..."

Mama Magamba hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amekigeuza kile kichwa, analikagua shavu.

"Mwanangu, huyu hajapanda ndege. Alipanda pikipiki. Nimempaa mimi, juzi."

"Samaki hufanana, mama," akasema mhudumu.

"Hufanana, ndiyo. Lakini mimi natumia mkono wa kushoto, na matamvua nayatoa kwa kupasua shavu la kulia. Sokoni pale hakuna mwingine. Tena nilimwambia mnunuzi wenu: macho yameshaingia ndani, huyu ni wa kukaanga mpaka akauke. Msimle mbichi."

Mhudumu akaitazama picha ukutani, labda ingemsaidia. Haikumsaidia. Akakibeba kichwa na barafu yake, akaingia jikoni, wala hakurudi.

Mwenye mapazia akaweka vijiti chini polepole. "Mkwe, nimekula vipande vitatu."

"Nimeona."

"Nitakufa?"

"Hufi. Ila leo usiende mbali na choo."

Mchumba akacheka, akajifanya anakohoa. Mama yake akamkata jicho.

"Basi ya meza tutazungumza siku nyingine," akasema.

"Tuzungumze sasa, mkwe, maadamu tumbo bado limetulia."

Mwenye mapazia akaisukuma sahani mbali, mkono tumboni.

"Baki na meza yako," akasema mwishowe. "Ila samaki wa harusi uwachague wewe."