Gari Nililosema Limepona

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa sita, hapa hapa Malangali, Sumbawanga, baridi ile ya kukata masikio, Mwalimu Anatoli alipoingia gereji amevaa makoti mawili. Heri angenikosa siku ile. Heri ningekuwa naumwa nimelala, naye akampelekea gari fundi mwingine. Lakini alinikuta mzima, mwenye mikono na mwenye ulimi, na huo ulimi ndio ulioniponza.

Mwanangu, wewe umeanza ufundi juzi tu na tayari unatembea na bisibisi mfukoni kama askari na bunduki yake. Kaa chini. Haya sikusimulii ili unipende.

Ufundi nilijifunza Kasanga, kule chini ziwani, kwa mjomba wangu. Kasanga ni joto, mtu anatoka jasho akiwa amekaa tu. Sasa ndani ya gari kuna hita, nayo ni kama rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Maji ya moto ya injini yanaingia kwa mpira mmoja, yanatoka kwa mwingine, feni inapuliza, abiria wanapata joto. Kule ziwani nani anaitaka? Ikianza kuvuja, mjomba hakuhangaika nayo. Alichomoa mipira yote miwili, akaiunganisha yenyewe kwa yenyewe, maji yakarudi kwenye injini bila kupita ndani, basi. "Hita ya nini huku?" angesema, na mwenye gari angecheka. Sikuona hata mmoja akirudi kulalamika, nami nikaamini kwamba hivyo ndivyo hita inavyotengenezwa.

Nikapanda huku juu Ufipa na ujuzi wangu huo, nikapata kazi katika gereji ya Mzee Stefano. Wakati wa mvua, Mwalimu Anatoli, mwalimu mstaafu wa Matai, akaleta gari lake dogo la zamani. Zulia la upande wa abiria lilikuwa limelowa chapachapa. Hita inavuja. Mzee Stefano hakuwapo, alikwenda kwenye shamba lake la ulezi. Nikachomoa mipira, nikaiunganisha, nikakaza klipu, nikamwambia, "Limepona, Mwalimu." Mafundi ndivyo tunavyosema, unajua, gari huwa linapona. Sikumweleza nilichofanya, wala sikuona kuna la kueleza. Kosa hilo lilikuwa la ujinga, na mjinga akierevuka husamehewa.

Miezi ikapita. Ndipo ikafika siku ile ya makoti mawili.

"Fundi Gaudensi," akaniambia, "nageuza kitufe cha hita mpaka kwenye nyekundu, upepo unatoka wa baridi vile vile. Nadhani kitufe kimekufa. Nisaidie, maana Mama Kristina daktari amekataza kabisa asipigwe na baridi."

Mama Kristina ndiye mkewe. Alikuwa na ugonjwa wa kifua, na kila Jumanne alitakiwa hospitalini hapa Sumbawanga. Ili wawahi foleni walitoka Matai alfajiri, na wewe unaijua alfajiri ya huku mwezi wa sita, majani yana umande mpaka unadhani umemwagiwa maji ya kisimani.

Palepale nilijua. Hata boneti sikuhitaji kufungua. Ilitosha kusema, "Mwalimu, hita niliikata mimi." Maneno manne! Lakini nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, mafundi wenzangu wamesimama wanasikiliza, na nilikuwa nimeshawatambia kwamba Kasanga nilifungua hata injini za boti. Nikaona aibu. Nikasema, "Lete tuangalie."

Tuangalie nini, mwanangu? Hita ikikosa joto, fundi mwenye akili anatazama kwanza maji kwenye rejeta. Kisha anaacha injini ipate moto, anaishika ile mipira miwili kwa mkono wake. Yote ikiwa ya moto, ugonjwa uko ndani, kwenye kitufe au kebo yake. Mmoja wa moto na mwingine wa baridi, maji hayapiti, kuna mahali pameziba. Ni mkono tu, hizo mashine zenu za kupimia hazina habari hapo. Mimi nikaanzia kwenye dashibodi, mahali nilipojua fika kwamba hapana ugonjwa. Nikafungua kitufe. Nikapima fyuzi. Nikavuta kebo, nikaipaka grisi. Mwalimu amekaa juu ya tairi kuukuu ananitazama kwa heshima, kama ninavyodhani alivyomtazama padri. Feni nikaipangusa vumbi, ikapuliza kwa nguvu. Nayo ilikuwa saa saba, jua limepasha bati lote la gari, ukiweka mkono kwenye tundu la upepo unahisi vuguvugu.

"Limepona," nikasema.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Loo! Mpaka leo mkono huu sina raha nao.

Jumanne moja baadaye walipita gereji kujaza upepo. Mama Kristina alikuwa amekaa mbele, blanketi mpaka kidevuni, soksi juu ya soksi. Nikamsogelea. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Fundi, mbona hili gari lako bado lina baridi?" Alisema huku anatabasamu, sauti imekwisha.

Mwalimu akadakia, "Mama, fundi amesema limepona."

Wakanigeukia wote wawili. Mungu aliniwekea mlango wazi, mwanangu, akanishikia na kitasa. Nami nikasema, "Linachelewa kidogo kupasha, Mama. Gari la zamani hili." Akaitikia kwa kichwa, nami nikadhani ameliamini neno langu kuliko miguu yake. Wakaondoka.

Jumanne zikaendelea. Mwezi wa nane, kabla baridi haijaisha, Mama Kristina akafariki.

Sitakwambia kwamba ni baridi ya gari iliyomuua. Daktari hakusema hivyo. Alikuwa mgonjwa, na wagonjwa hufa hata katika nyumba zenye moto. Nimejaribu kujifariji kwa maneno hayo kwa miaka yote hii, na kila nikifika mwisho wake najiuliza, je, kama angepata joto? Swali hilo halina mtu wa kulijibu. Msibani nilipasua kuni mpaka viganja vikachubuka, watu wakanisifu, "kijana wa watu huyu." Nikatamani ardhi inimeze.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Baada ya matanga, Mwalimu alileta gari, injini inachemsha. Safari hii Mzee Stefano alikuwapo, akafungua boneti mwenyewe, na jicho lake likaanguka kwenye ile mipira iliyounganishwa yenyewe kwa yenyewe. Akaigusa. Akatugeukia.

"Nani kaifanya hii?"

"Mimi, Mzee."

"Na mwezi wa sita, nasikia mwenye gari alilalamikia hita. Ulijua?"

"Nilijua."

Mzee Stefano alikuwa mkali, makofi yake tuliyazoea. Siku hiyo hakuinua mkono. Alichukua kitambaa, akajifuta vidole kimoja kimoja, akasema kwa upole ulioniuma kuliko kofi, "Usinieleze mimi. Mimi sikusafiri ndani ya gari hili. Nenda kwa aliyesafiri."

Mwalimu alikuwa amekaa nje kwenye benchi la mbao, peke yake. Nikapiga magoti kwenye mchanga wenye oili, nikamwambia yote, kuanzia mjomba wa Kasanga mpaka lile vuguvugu la jua. Nilitegemea matusi. Nilikuwa nayataka, kusema kweli, nilitaka anipige nitoke nimelipa kitu.

Mwalimu alivua kofia yake akaipakata magotini. "Alikuwa ananiambia," akasema. "Kila Jumanne, tukifika katikati ya njia, ananiambia, Baba Kristina, miguu yangu imekufa ganzi. Na mimi namjibu, ni huo ugonjwa unakudanganya, hita inafanya kazi, fundi amethibitisha. Siku moja nikamkaripia. Nikamwambia unadeka." Akaigeuza kofia. "Baada ya siku hiyo hakusema tena. Alikuwa ananyamaza tu mpaka tunafika."

Hakunilaani. Alisimama, akavaa kofia, akaenda zake kwa miguu kuelekea stendi, gari akaliacha.

Mwanangu, nilidhani nimemnyima yule mama joto. Kumbe nilimnyima hata mume wa kumsadiki. Alikufa akijua kwamba anasikia baridi na hakuna anayeamini, na Mwalimu akabaki na karipio lile mdomoni, hana wa kumwomba radhi. Hayo niliyafanya mimi, kwa neno moja la kujisifu.

Hita ile niliifungua siku iliyofuata, nikaichomelea ilipovuja, nikairudishia mipira yake. Kazi ya nusu siku, jamani! Nusu siku! Ilitoa joto mpaka vioo vikafanya ukungu. Mwalimu alilichukua gari akaniambia ahsante, akaliendesha miaka mingine mingi. Waliopanda naye walisema kitufe hakukigusa kamwe, hata katika baridi kali. Majuto ni mjukuu, na wangu amezeeka nami, tunakula sahani moja.

Basi sikia, na usitikise kichwa tu kama kondoo. Kosa la mkono linarekebishika, leta spana tutalifungua. Lakini ukiisha kulifunika kwa ulimi, mtu mwingine atalibeba bila kujua mzigo ni wa nani, naye ataumizana na watu wake ndani ya nyumba yake. Ukikata kitu, sema nimekata. Usipojua, sema sijui, hata kama wenzako watakucheka mpaka jioni. Kicheko hakimlazi mtu kaburini. Na mteja akikwambia bado kuna baridi, usimtetee fundi aliye ndani yako. Ingia ukae kwenye kiti chake, safiri naye, usikie anachosikia.

Mungu akupe mikono yenye baraka, mwanangu. Akupe kazi isiyokosa na watoto watakaokuzika. Lakini kabla ya hayo yote, akupe ujasiri wa kuaibika mapema, mwenye kuumia akiwa bado yu hai wa kukusamehe.