Mikate ya Kumwona Mgonjwa

Usiku ule Martin alipompeleka mwanangu Dorothy hospitali Malindi, mimi nilibaki na simu kijijini kwetu Hewani. Mume wangu Philemon aliitundika dirishani upande wa mto, maana ndiko mtandao unakofika kwetu. Nikakaa chini yake, mgongo ukutani, nikingoja Martin atuambie kama mke wake yu hai.

"Mama Dorothy, ukiitazama hivyo itaogopa kulia," Philemon alisema.

Nilikuwa nasikia mtu akikwaruza kucha kwenye jamvi, pale uani, polepole, kama alivyokuwa akifanya Teresia. Teresia alikuwa dada yangu. Alikufa Dorothy akiwa hajajua kutembea. Najua uani hakukuwa na mtu, nilitoka mara mbili nikaangalia. Lakini nikirudi kukaa, kucha zinaanza tena.

Dorothy ni kifungua mimba wangu. Alizaliwa wakati wa kupandikiza mpunga, akakulia matopeni, na alipofika miaka ya kwenda shamba hakuna msichana aliyeweza kumfuata kwenye mstari. Alikuwa akiwaacha wenzake nyuma halafu anasimama kuwangoja, mikono kiunoni, akiwauliza kama wanapanda mpunga au wanauzika. Mdomo huo aliutoa kwa baba yake. Tulikula tulivyolima: wali, ndizi za kupika, mihogo, mahindi, na samaki wa mtoni. Chapati tulikuwa tukiziona Krismasi. Na kila Krismasi Dorothy aliumwa tumbo, analala kifudifudi mchana kutwa, na Philemon anamcheka, "Huyu amekula za kwake na za malaika." Sisi sote tulicheka.

Akaolewa na Martin wa Kilelengwani, kijana mpole, mkulima. Kisha mto ukafurika.

Waliokuwepo wanajua. Maji yalikuja usiku, yakachukua mpunga uliokuwa unakaribia kuvunwa, yakachukua migomba, na huku Hewani yakala ukingo pale palipokuwa na makaburi yetu. Kaburi la Teresia lilikwenda na msalaba wake. Tuliopona tulipanda sehemu ya juu karibu na barabara, tukakaa chini ya maturubai, na Dorothy na Martin wakaja kukaa nasi kwa sababu kwao hakukubaki kitu. Chakula kilikuwa kile kilicholetwa na magari: unga wa ngano, mafuta, maharagwe. Tulikula chapati asubuhi, tukala chapati jioni, tukamshukuru Mungu.

Ni katika kambi hiyo Dorothy alipoanza. Kwanza kuharisha, na wengi walikuwa wakiharisha, hatukushtuka. Wenzake wakapona, yeye akaendelea. Tumbo likajaa kama ngoma na mikono ikawa fito. Vidonda mdomoni. Nywele zikatoka kwenye kichana. Mimba ikatoka, na baadaye nyingine. Tulikopita tulipewa dawa za minyoo, za amiba, za taifodi. Walimpima ule ugonjwa watu wanaounong'ona, akaonekana hana. Alikuwa akitembea ameshika kiuno, kichwa kikielekea bega la kushoto. Mara ya kwanza nilipomwona akija hivyo kutoka msalani niliangusha sufuria. Huo ulikuwa mwendo wa Teresia.

Si mimi peke yangu niliyeona. Wazee wa kike walianza kusema kwamba Teresia hana tena pa kulala, mto umemfukuza, na ametafuta nyumba kwa mtoto wa dada yake. Sisi ni watu wa kanisa. Nilisali. Lakini usiku nilikuwa nikimmulika Dorothy kwa tochi akiwa amelala, nikitafuta usoni mwake ni nani.

Maji yalipopungua tukarudi Hewani, na Dorothy akabaki kwangu, kwa kuwa mke mgonjwa hivyo huuguzwa na mama yake. Watu wakaja kumwona. Kwetu haendi mtu kumwona mgonjwa mikono mitupu. Zamani za bibi zetu ilikuwa ndizi au samaki wa kukaanga, siku zetu ni mkate wa dukani, mweupe, uliokatwa vipande. Ugali ni mzito kwa mgonjwa. Mkate unauchovya kwenye chai, unalainika, unamlisha hata asiyeweza kukaa. Kadiri alivyozidi kuisha ndivyo mikate ilivyozidi kuja. Asiyekuwa na mkate alileta mandazi. Nilimlisha mwenyewe kwa kijiko na nilipomaliza kipande nilihisi nimefanya kazi.

Siku alipozimia bila kushtuka hata kwa maji, Martin alimbeba kwa bodaboda hadi Garsen, akapata gari la Malindi.

Simu ililia alfajiri.

"Mama, yuko hai," Martin alisema. "Amewekewa damu na maji. Daktari anataka mtu anayejua alikula nini tangu utoto."

"Alikula nini kwa vipi?"

"Sijui, Mama. Njoo tu."

Nilipofika Garsen nikashuka kununua mkate.

Wodini kwenye kabati la Dorothy palikuwa na mikate mingine mitatu, ya watu wa kwetu wanaoishi Malindi. Nikaupanga wangu juu yake. Dorothy alifungua macho akasema, "Mama, umefungua duka?" Nikajua huyo ni Dorothy, si mwingine.

Daktari alikuwa msichana wa Kisomali, jina lake Ladan, anazungumza taratibu kama mtu anayepima maneno kwa kibaba. Aliniuliza Dorothy alikula nini nyumbani, ni lini alikuwa na nguvu, ni lini alidhoofu. Nilimweleza wali na ndizi. Nikamweleza kambi. Alipouliza kuhusu utoto wake nikakumbuka zile Krismasi, nikamwambia kama jambo la kuchekesha. Hakucheka.

"Kuna mwingine katika ukoo aliyeisha hivi?"

"Dada yangu."

"Tumbo moja?"

"Tumbo moja. Daktari, nikuulize kitu usinione mshamba. Hawezi kuwa yeye ndiye amemwingia huyu?"

"Kwa njia fulani, Mama, kuna kitu cha ukoo amepata. Lakini kipo kwenye damu na damu nimeipima."

Akanieleza, na nilipomwomba arudie akarudia. Ndani ya ngano mna kitu kinaitwa gluteni, ndicho kinachofanya unga ukikandwa uvutike. Kimo pia kwenye shayiri. Watu wengi wanakila bila shida. Lakini kuna watu ambao miili yao, kwa urithi wa ukoo, hukiona kitu hicho kama adui, na katika kupigana nacho mwili hujipiga wenyewe. Kwenye utumbo mwembamba mna vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula. "Umeona miche ya mpunga ilivyosimama shambani?" aliniuliza. "Halafu mafuriko yakipita?" Nikasema nimeona. "Vya Dorothy vimelala hivyo. Anakula lakini chakula kinapita bure. Damu inapungua, mifupa inadhoofika, na mimba inaweza kukosa kukaa." Ugonjwa wenyewe unaitwa siliaki. Hauambukizi. Hauna kidonge. Dawa ni kuacha ngano maisha yote, na utumbo hujiotesha upya.

"Basi kila anayeumwa tumbo kwa chapati ana huo?"

"Hapana. Kuna mwenye mzio wa ngano, huyo akila anavimba midomo au anabanwa kifua papo hapo. Kuna mwingine tumbo linamsumbua na kichwa kinauma, lakini utumbo wake ukiutazama ni mzima. Ndiyo maana tunapima, hatukisii. Kesho nitapitisha kamera ndogo kooni nione utumbo wenyewe. Mpaka hapo asibadilishe chakula, la sivyo kipimo kinaweza kutudanganya." Akaiangalia ile mikate kabatini. "Na baada ya kesho, Mama, asiguse tena. Hata makombo. Chujio lililopita unga wa ngano, kikaango cha chapati, kijiko kilichochovya, hivyo vyote vinamrudisha chini."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Niliona jamvi la uani kwetu, na Teresia juu yake, na sisi tumemzunguka, mama yetu ameshika kikombe cha chai na kipande cha mkate kilicholegea. Teresia alikuwa hataki. Aligeuza uso akakwaruza kucha zake kwenye jamvi. Tukambembeleza kwa upendo, kila mmoja kwa zamu, mpaka akafungua kinywa ili tufurahi. Sina hakika kama dada yangu aliuawa na ugonjwa huo. Daktari Ladan alisema aliyekwisha kuzikwa hapimwi. Lakini mpaka leo nikiona mtu akichovya mkate kwenye chai, naondoka.

Kamera ilisema vilevile. Nikamrudisha Dorothy Hewani, nikasugua vyombo kwa majivu, nikanunua chujio na kikaango vipya, na mkate ulioingia kwa mlango wa mbele ulitokea wa nyuma kwenda kwa majirani. Watu walikasirika. Walisema nimemnyima mgonjwa. Dorothy akala wali, samaki, mihogo, uji wa mtama niliosaga mwenyewe. Kwanza kuharisha kukakoma. Kisha vidonda. Siku moja nikamsikia akimwambia baba yake kwamba jembe analishika kama mtu anayeongopa, nikaingia ndani nikalia.

Martin akaja kumchukua, akaja na mama yake, Rosina. Mama Martin si mtu mbaya. Ni mchapakazi, anapika chapati na mandazi pale Kilelengwani na waendesha bodaboda wote wanamjua. Ukoo mzima umesomeshwa na unga ule. Nilimweleza kama daktari alivyonieleza, hata miche ya mpunga.

"Mama Dorothy," alisema, "nimekandia watu ngano miaka yote. Sijaona aliyekufa."

"Ni wachache, Mama Martin."

"Na huyo mchache ndiye ameolewa kwangu?" Akacheka, akamgeukia Dorothy. "Mkwe wangu, utakula chakula changu au utakuja na sufuria yako kama mpishi wa harusi?"

"Nitakuja na sufuria yangu, Mama," Dorothy alisema. "Na kifuniko chake."

Rosina aliacha kucheka.

Walipoondoka, woga wangu uliondoka nao kwenda Kilelengwani, ukakaa kule. Kila jioni nilimpigia Dorothy nikamuuliza amekula nini. Akacheka, akanijibu. Kisha siku moja simu haikupokewa, wala kesho yake. Usiku nilisikia kucha kwenye jamvi. Asubuhi akanipigia Mama Martin.

"Njoo umwone mwanao. Amejifungia chumbani. Tuna mgeni wa kanisa hapa, nyumba imejaa watu, yeye hali na mtu."

"Anaumwa?"

"Mimi nijuaje? Nabisha hafungui. Jana niliwaambia wanawake wamlete ale nasi kidogo, ubishi umtoke. Tangu hapo ndivyo alivyo."

Sikumuuliza kama alikula. Niliogopa jibu. Njia nzima, kwenye pikipiki na kwenye mtumbwi, nilimwona Dorothy amelala kifudifudi, tumbo limejaa, na wanawake wenye mapenzi wamemzunguka.

Uani kwa Rosina wanawake walikuwa wamekaa mkekani wakichekecha unga kwenye sinia kubwa. Upepo ulikuwa ukiupeperusha. Ulikuwa juu ya nguo zao, kwenye nyusi zao, kwenye mbuzi aliyefungwa pembeni. Rosina alinyanyuka, mikono myeupe mpaka viwikoni, akanionyesha kwa kidevu mlango wa chumba cha mwisho. Umefungwa. Chini ya mlango, pale penye mwanya, palikuwa pameshindiliwa kanga.

Nilibisha. Nikabisha tena nikamwita jina lake, na sauti ikanitoka kama si yangu.

"Ni nani?"

"Mama yako."

Komeo likavutwa. Mlango ulifunguka kiasi cha bega, mkono ukanishika ukanivuta ndani. Dorothy alikuwa amejifunga leso puani na mdomoni, macho makavu, mashavu yamejaa. Jiko la makaa lilikuwa dirishani, upande usio na upepo, na sufuria yake imefunikwa.

"Funga, Mama, unga unaingia," alisema. "Simu haina chaji na wao hawataki kumaliza."

"Ulikula walichokupa?"

"Walinishika mikono wakicheka. Nikafunga mdomo. Nikaja hapa." Alifungua leso. "Sijaonja, Mama. Lakini nimechoka kukataa."

Nje Rosina alikuwa amefika mlangoni. Niliona kivuli chake kwenye mwanya, na akabisha kwa adabu, kwa kuwa mimi ni mgeni wake na chapati za kwanza zilikuwa tayari.

"Mama Dorothy, tokeni basi mle. Mtoe na huyo. Zinapoa."

Dorothy alinitazama. Nikainama nikaishindilia ile kanga vizuri chini ya mlango, nikasukuma komeo mpaka mwisho, nikamwambia Mama Martin kwamba tunamshukuru sana, sisi huku tunapakua.