Miche Kutoka Bunda

Mama alikuwa na mchungwa mmoja nyuma ya jiko letu, kule Butiama. Aliuotesha kwa mbegu, ukasimama kwa mizizi yake wenyewe, ukarefuka, ukajaa miiba, na miaka yote ya utoto wangu haukuzaa hata chungwa moja. Baba akasema ni mti dume. Mama akamjibu kwamba mchungwa wa mbegu unataka subira. Baba subira ilikuwa imemwishia. Pamba ilishatuvunja moyo, soko huria limeingia, na kila mtu alikuwa anahangaikia kitu kipya.

Akaukata. Palepale akapanda miche ya kubebeshwa kutoka Bunda, juu mchungwa, chini shina la mlimau. Aliambiwa itazaa upesi. Mama hakumsemesha siku nyingi, nami nilimchukia baba kimyakimya.

Baada ya mavuno mbuzi wakafunguliwa mashambani, kama ilivyo desturi, wakaitafuna miche hadi chini ya pale ilipoungwa. Mvua ziliporudi, visiki vikachipua. Baba alifurahi kama mtoto. Sisi ni watu wa muhogo. Kwetu kisiki kikichipua, mmea umepona. Akaweka samadi, akazungushia miiba. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba mchungwa ulishaishia matumboni mwa mbuzi.

Miti ilipozaa kwa mara ya kwanza, mama alikuwa kitandani. Hospitali ya Musoma ilikuwa imemrudisha. Dawa hakuna, na matumaini hayakuwepo pia. Chakula kilimshinda. Asubuhi moja akasema anatamani chungwa. Baba alitoka mbio, uso unang'aa. Matunda yalikuwa ya mviringo, yameiva vizuri, na hakuna aliyekuwa ameyaonja. Akachuma moja, akalikata, akamwekea mdomoni.

Mama alinyonya, akatema kwenye kanga.

"Hili limau, baba yao," alisema. "Nilikuwaga nakwambia ungoje. Umekata mchungwa wangu, ukanipandia limau."

Baba alilionja mwenyewe, akabaki amelishika. Mama akaomba maji.

Tulimzika wiki hiyohiyo. Wapishi wa msiba walijichumia nyuma ya jiko, wakakamulia kwenye samaki wa sato, na wageni wakasifu: malimau yana maji mengi, mwenye nyumba ana mkono mzuri wa kupanda. Baba alikuwa amekaa katikati yao. Alisema asante.