Nilivyoua sauti ya gita la Zakayo kwa kuweka kapasita kubwa

Wakuu, hamjambo. Haya yalinipata mimi mwenyewe. Pale nilipokosea nitasema nilikosea, sitatafuta wa kusingizia.

Mwaka wa 1968, nikiwa na miaka kumi na tatu, baba alipoteza kazi ya kiwanda. Nikaacha shule darasa la nne.

Nilibeba mawe ya ujenzi, kisha nikafagia duka la fundi redio. Ufundi niliuiba kwa macho. Sina cheti, lakini wenye vyeti huniletea kazi zikiwashinda.

Zakayo alikuwa rafiki yangu wa mtaa wa Ziwani, mimi akiniita Mkamba kwa kuwa kwetu ni Machakos. Jumapili alikuwa anapiga gita kwenye holi ya mtaa. Mimi sina kiingilio, nasimama nje dirishani.

Amplifaya yake ilikuwa ya valvu, zile chupa za glasi zilizokuwepo kabla ya transista. Nzito kama mfuko wa simiti.

Akigonga kamba kwa nguvu, sauti ilikuwa inabonyea kwanza, halafu inafura polepole kama andazi kwenye mafuta. Sijawahi kuisikia kwingine. Hata leo nikiosha vyombo naitafuta kichwani.

Sasa, miaka kumi na moja iliyopita akaniletea ile amplifaya dukani kwangu Kayole. Ilikuwa inavuma kama nyuki.

Nikajua mara moja ni kapasita za filta. Hizo ni kama tangi la maji juu ya nyumba, zinaweka umeme akiba utoke bila mawimbi. Zake zilikuwa za maikrofaradi kumi na sita. Nikaweka za mia moja.

Kwa nini? Kwa sababu stima ya Kayole inapanda na kushuka, na sisi mafundi wa huku tumezoea kuongeza. Kubwa ndiyo nzuri. Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

Mvumo ukaisha kabisa. Nikajisifu.

Zakayo akapiga mara tatu, akazima.

"Fundi, hii imekuwa ngumu. Hainisikii tena."

Nikamwambia mita yangu ya kupimia umeme haidanganyi, labda masikio yake ndiyo yamezeeka. Mbele ya wateja. Aliibeba akaenda, na hatukusalimiana tena.

Mapema mwaka huu nikaambiwa amepata stroke, yaani kiharusi. Nikanunua sukari na mkate nikaenda Ziwani.

Mkono wake wa kushoto umekufa. Ule wa kubonyeza nyuzi.

Amplifaya ilikuwa pembeni, juu yake kitambaa na TV. Mkewe, Mama Rispa, akanieleza kwamba tangu siku ile Zakayo hakuiwasha tena. Zakayo mwenyewe akaangalia ukutani.

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze.

Halafu yule mama akaleta mkebe wa mafuta ya kupikia. Ndani kuna gazeti, na ndani ya gazeti kapasita zake za zamani. Mimi humrudishia mteja kila kitu nilichotoa, asiseme nimemwibia. Zakayo alikuwa amezitunza.

Nikazishika. Kumi na sita, maandishi bado yanasomeka. Kumbe kosa lazo lilikuwa kukauka tu. Udogo haukuwa kosa.

Tangi kubwa halitikisiki. Tangi dogo, ukifungua mfereji kwa nguvu, presha inashuka kidogo kisha inarudi. Kule kushuka na kurudi ndiyo ile sauti. Mimi nilikuwa nimeiziba.

Nikaibeba amplifaya hadi dukani. Kapasita mpya za kumi na sita za volti ile nilizikosa mjini. Nikafunga mbili za thelathini na tatu kwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine; hivyo uwezo hugawanyika nusu, zinatoa kumi na sita na nusu. (Vijana, msiguse hizi vitu bila kutoa umeme uliobaki ndani, hata kama plagi imechomolewa. Zinaua.)

Nikairudisha Ziwani Jumamosi mchana. Ilivuma kidogo sana, kama friji ya jirani.

Zakayo akasema nimpe gita mapajani. Nikamwuliza atapiga na nini.

"Bonyeza wewe, Mkamba. Uzi wa tatu. Juu kidogo. Hapo, mjinga, na usiachilie."

Nikabonyeza. Yeye akagonga kwa mkono wa kulia.

Ikabonyea. Halafu ikafura.

Mama Rispa aliacha kuchambua mchele. Zakayo alingoja mpaka sauti ikaisha yenyewe, akaniambia, "Umechelewa miaka kumi na moja." Kisha akasema nihamishe kidole, twende nyingine.

Nilichojifunza: mita inapima mvumo, haipimi muziki. Mwenye chombo akisema kimebadilika, nyamaza umsikilize. Kama kuna fundi hapa aliyewahi kuharibu kitu kwa kukitengeneza sana, aandike, tusaidiane aibu.

Mimi leo nina plot moja Kayole yenye vyumba sita, duka, mita mbili za kupimia, ng'ombe wanne nyumbani Machakos.

Na sugu kwenye vidole vinne vya mkono wa kushoto. Hizo nimezipata mwaka huu, Jumamosi kwa Jumamosi.